Kazi Moja, Mishahara Miwili: Haki Iko Wapi?

Katika nyumba nyingi za nchi yetu yuko mtu mmoja ambaye riziki ya jamaa nzima yategemea mshahara wake wa Serikali. Huyu ni mwalimu, yule ni mganga wa zahanati, mwingine ni karani wa wilaya au askari polisi. Mwisho wa mwezi mama wa nyumba ajua barabara ni fedha ngapi zitakazoingia, na ni ngapi zitakazotoka kwa ada ya watoto, kwa chakula, na kwa wazee walioko kijijini. Kwa hiyo maneno kama daraja, cheo na nyongeza ya mwaka hayawahusu wakubwa wa ofisi peke yao. Yamhusu kila mtu alaye katika nyumba ile.

Leo twataka kujifunza habari ya ugomvi mmoja ambao huzaliwa mahali popote penye utumishi wa Serikali. Ni ugomvi wa watumishi wawili wafanyao kazi ile ile, katika chumba kile kile. Mmoja ameajiriwa moja kwa moja katika cheo chake baada ya kushinda mtihani. Mwenzake amekifikia cheo hicho kwa kupandishwa ngazi kwa ngazi kutoka chini. Je, walipwe sawa? Kama sivyo, nani azidi, na kwa sababu gani? Tutaichukua nchi ya India iwe mfano wetu, maana huko ugomvi huu umefikishwa mahakamani mara nyingi tangu miaka ya 1960, na hesabu zake zimeandikwa wazi katika kanuni za Serikali, hata mtu yeyote ajuaye kuzidisha na kujumlisha aweza kuzifuata.

Tena mfano huo hauko mbali nasi kama tuwezavyo kudhani. Utumishi wa Serikali wa India na ule wa Afrika ya Mashariki ulijengwa na mkono mmoja, yaani utawala wa Waingereza, na mpaka leo pande zote mbili zina vyeo vilivyopangwa daraja kwa daraja. Nasi pia tumewahi kuonja uchungu wa mishahara miwili kwa kazi moja. Tume ya Sir Maurice Holmes, iliyochunguza mishahara ya watumishi wa Serikali za Afrika ya Mashariki mwaka 1947 na 1948, ilishauri kwamba Mwafrika alipwe tatu ya tano tu ya mshahara wa Mzungu mwenye cheo kama chake. Ilibidi kungoja mpaka Tume ya Sir David Lidbury, iliyotoa taarifa yake mwaka 1954, ndipo ushauri ukatolewa wa kuondoa ubaguzi huo wa rangi katika ngazi za mishahara. Ugomvi wa India tutakaousimulia hauhusu rangi ya mtu, lakini swali la msingi ni lile lile: watu wawili wakifanya kazi moja, ni jambo gani liwezalo kuhalalisha mishahara miwili?

MILANGO MIWILI YA KUINGILIA

Yafaa kwanza tufahamu jinsi watu wanavyoingia katika vyeo. Serikali ya India hujaza nafasi nyingi za vyeo vya katikati kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kutangaza nafasi kwa watu wote wenye elimu inayotakiwa. Vijana hufanya mtihani, na washindi huingia moja kwa moja katika cheo kile pasipo kupitia vyeo vya chini. Njia ya pili ni kuwatazama watumishi walio tayari kazini, na kuwapandisha wale waliostahili kwa miaka yao na kwa mwenendo wao.

Idara yenye milango hiyo miwili huwa na kanuni itajayo sehemu ya kila mlango. Katika idara ya kodi ya mapato, kwa mfano, kanuni iliyowekwa mwaka 1951 ilitenga theluthi mbili za nafasi za maofisa wa daraja la kwanza kwa walioshinda mtihani, na theluthi moja kwa waliopandishwa.

Mpango huo una busara yake. Serikali ikiajiri kwa mtihani tu, karani wa chini hukata tamaa, maana ajua kwamba hata akifanya kazi kwa uaminifu miaka thelathini atastaafu pale pale alipoanzia. Nayo ikipandisha watu wa ndani tu, yaweza kukosa elimu mpya, na vijana wenye akili watatafuta kazi kwingine. Hapana budi milango yote miwili ibaki wazi.

Taabu huanza mara watu wa milango miwili wanapokutana katika chumba kimoja. Yule wa mtihani asema: "Mimi nilishindana na maelfu ya vijana wa nchi nzima. Cheo hiki nilikipata kwa jasho la akili yangu, na Serikali iliniahidi mshahara huu katika tangazo lake." Yule wa kupandishwa ajibu: "Wewe ulipokuwa ukisoma darasa la tatu, mimi nilikuwa nimekwisha kushika faili hizi. Kazi hii ni mimi niliyekufundisha. Itakuwaje basi uje kunizidi mshahara?" Msomaji akiwasikiliza wote wawili kwa makini, ataona kwamba hakuna hata mmoja asemaye upuuzi.

MAHAKAMA YASEMA NINI?

Katiba ya India, iliyoanza kutumika mwaka 1950, yasema katika ibara ya 14 kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria, na katika ibara ya 16 kwamba raia wote wawe na nafasi sawa katika utumishi wa Serikali. Watumishi walizishika ibara hizo mbili wakazipeleka mbele ya Mahakama ya Juu.

Mwaka 1967 peke yake mahakama hiyo ilitoa hukumu mbili kubwa. Ya kwanza iliwahusu wale maofisa wa kodi ya mapato. Majaji walisema kwamba ule mgawanyo wa theluthi mbili kwa theluthi moja ni kanuni yenye nguvu ya sheria, wala wakubwa wa idara hawana ruhusa ya kuufuata leo na kuuacha kesho kama wapendavyo.

Hukumu ya pili yafaa ikumbukwe zaidi, maana ilitoa msingi wa kufikiria mambo haya. Iliwahusu wakaguzi wa mabehewa katika shirika la reli. Nusu ya wakaguzi hao walitoka miongoni mwa mafundi waliopandishwa, na nusu waliingia kwa njia ya uanagenzi, yaani waliajiriwa wakiwa vijana wa kufundishwa. Wote walifanya kazi moja katika daraja moja. Lakini mwaka 1965 likatoka tangazo lililowapa wale wa uanagenzi upendeleo wa kupanda katika daraja lililofuata. Fundi mmoja aliyepandishwa akashtaki, naye akashinda. Majaji walifundisha kwamba watu waliotoka mahali pawili wakishaunganishwa kuwa kundi moja, asili yao haiwezi tena kuwa sababu ya kuwatenga. Ni kama mito miwili iliyoingia katika ziwa moja: achotaye maji hawezi tena kuuliza haya yalitoka mto gani.

Lakini msomaji asifikiri kwamba neno lilikwisha hapo. Mwaka 1973 mahakama hiyo hiyo iliamua kesi ya wahandisi wasaidizi wa jimbo la Jammu na Kashmir. Baadhi yao walikuwa na shahada ya chuo kikuu, wengine walikuwa na stashahada na wengi wao walipandishwa kutoka chini. Serikali ya jimbo ilitoa kanuni kwamba cheo cha mhandisi mkuu zaidi kipewe wenye shahada tu. Safari hii majaji walikubali kanuni ile isimame, kwa hoja kwamba elimu ni tofauti ya kweli, nayo yahusiana na kazi ya cheo kinachotakiwa. Basi twaona mpaka uliowekwa. Mlango peke yake hautoshi kuwa sababu ya kuwatenga watu, lakini tofauti ya kweli ihusuyo kazi yenyewe yaweza kutosha.

Mwaka 1977 likaja shauri la wahandisi wa jimbo la Maharashtra. Huko aliyeajiriwa kwa mtihani alihesabiwa ukubwa kazini tangu siku ya kuajiriwa kwake, lakini aliyepandishwa alihesabiwa tangu siku ya kuthibitishwa tu. Na kuthibitishwa huko kulitegemea mapenzi ya wakubwa, hata mtu aliweza kukishika cheo miaka mingi akiitwa bado wa muda, huku vijana waliomkuta kazini wakimtangulia katika orodha. Mahakama iliifuta kanuni hiyo. Hata hivyo ugomvi haukuzimika, mpaka mwaka 1990 majaji watano walipoketi pamoja wakathibitisha kwamba aliyeteuliwa kwa kufuata kanuni ahesabiwe tangu siku aliyoteuliwa. Kutoka hukumu ya kwanza mpaka ya pili ni miaka kumi na mitatu. Kijana wa miaka arobaini na mitano wakati ule alikuwa amekaribia kustaafu kesi ilipokwisha.

Kuhusu mshahara wenyewe, mwaka 1982 dereva mmoja wa jeshi la polisi la Delhi aliiambia Mahakama ya Juu kwamba alilipwa pungufu kuliko madereva wa idara nyingine za Serikali, ingawa gari ni gari na barabara ni barabara. Mahakama ilikubali kwamba malipo sawa kwa kazi sawa ni shabaha ya Katiba, nayo yaweza kudaiwa pale ambapo watu wa kazi moja wametengwa bila sababu ya haki.

HESABU YA MWAKA 2006

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe la mishahara. India huunda Tume ya Mishahara kila baada ya miaka kumi hivi. Tume ya Sita, iliyoongozwa na Jaji B. N. Srikrishna, iliundwa mwaka 2006 ikatoa taarifa yake mwezi wa Machi 2008. Serikali ilitangaza kanuni mpya mwezi wa Agosti 2008, lakini ikaamuru zihesabiwe tangu tarehe 1 Januari 2006.

Tume ile iliunganisha ngazi nyingi za zamani zikawa mikanda michache mipana. Mshahara wa msingi ukawa na sehemu mbili: fedha za mkanda, na juu yake fedha maalumu za daraja. Mkanda wa pili, kwa mfano, ulianzia rupia 9,300 na kuishia 34,800 kwa mwezi, nao ulichukua madaraja kadhaa ndani yake. Mtumishi wa zamani aliingizwa katika mkanda kwa kuzidisha mshahara wake wa zamani mara 1.86, kisha akaongezewa fedha za daraja lake.

Hapo likazuka swali: kijana anayeajiriwa moja kwa moja katika daraja la juu la mkanda aanzie wapi? Akianzia 9,300, atakuwa sawa na kijana wa daraja la chini, na cheo chake hakitaonekana. Kwa hiyo kanuni ziliweka mshahara wa kuanzia kwa kila daraja, kwa wale watakaoajiriwa moja kwa moja tangu 1 Januari 2006. Katika daraja lenye fedha za rupia 4,600, mwajiriwa mpya aliwekewa 12,540 za mkanda, jumla 17,140. Sababu yake ilikuwa njema, wala hakuna aliyekusudia kumdhulumu mtu.

Aliyepandishwa, yeye alikuwa na kanuni yake mbali. Alipewa nyongeza moja ya asilimia 3 ya mshahara wake, kisha fedha za daraja jipya. Mshahara wa kuanzia wa yule mwajiriwa mpya haukutajwa katika kanuni hiyo.

Tuchukue mfano tuone matokeo. Tuseme mtumishi mmoja alikuwa na mshahara wa zamani wa rupia 5,500. Tukizidisha mara 1.86 twapata 10,230. Tukiongeza 4,200 za daraja lake twapata 14,430. Mapema mwaka 2006 akapandishwa cheo kuingia daraja la 4,600. Asilimia 3 ya 14,430 ni 432 na senti, na kwa kuwa kanuni zataka nyongeza ipelekwe mbele mpaka kumi inayofuata, akapata 440. Basi fedha zake za mkanda zikawa 10,670, na pamoja na 4,600 jumla ikawa 15,270.

Mwezi ule ule kijana akaajiriwa moja kwa moja katika cheo kile. Yeye akapewa 17,140. Tofauti ni rupia 1,870 kwa mwezi, yaani 22,440 kwa mwaka, na aliyepungukiwa ni yule mwenye miaka mingi ya kazi.

Huenda msomaji akasema: "Haba na haba hujaza kibaba; nyongeza za kila mwaka zitamfikisha." Tuhesabu basi. Nyongeza ilikuwa asilimia 3 kila mwaka kwa wote wawili. Baada ya nyongeza nne yule aliyepandishwa afikia 17,210. Imemchukua nyongeza nne kupita mahali alipoanzia mwenzake. Lakini mwenzake hakuketi akimngoja. Naye amepata nyongeza nne, amefikia 19,310. Sasa tofauti ni 2,100. Imekua badala ya kupungua, kwa sababu asilimia 3 ya fedha nyingi ni nyingi kuliko asilimia 3 ya fedha kidogo.

Wala hasara haikomi hapo. Posho ya ughali wa maisha huko India huhesabiwa kwa asilimia ya mshahara wa msingi, kwa hiyo mwenye msingi mdogo hupungukiwa na posho pia. Na kwa utaratibu wa zamani wa pensheni, uliowahusu walioajiriwa kabla ya mwaka 2004, malipo ya uzeeni ni kadiri ya nusu ya mshahara wa mwisho. Hivyo kosa la hesabu lililoanza siku ya kupandishwa cheo laweza kumfuata mtu mpaka kaburini, na baada yake likamfikia mjane wake.

MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Je, Serikali haikuona? Iliona. Tangu zamani kanuni za India zina dawa ya ugonjwa huu: mkubwa kazini akilipwa pungufu kuliko mdogo wake kwa sababu ya kanuni yenyewe, mshahara wa mkubwa huinuliwa ukalingana na ule wa mdogo. Lakini dawa hiyo ina masharti. Wawili hao wawe wa kundi moja la kazi, wawe katika cheo kimoja, na tofauti iwe imetokana na kanuni, isiwe imetokana na jambo jingine.

Mwezi wa Desemba 2009 Wizara ya Fedha ilifafanua neno moja zaidi. Mkubwa aweza kudai kuinuliwa katika makundi yale tu ambayo kanuni zake zaruhusu kuajiri moja kwa moja, na tena pale tu ambapo mdogo aliyeajiriwa hivyo yupo kweli, naye anapokea mshahara uliozidi.

Fikirini maana yake. Katika ofisi moja kijana mpya ameletwa, na wakubwa wote waliomtangulia wana mtu wa kujilinganisha naye. Katika ofisi ya idara nyingine, nafasi za mtihani hazikujazwa mwaka ule wala uliofuata, basi wakubwa wa pale hawana wa kumwonyesha kidole. Kazi yao ni ile ile na cheo chao ni kile kile, lakini wao hubaki chini kwa kuwa mgeni hakufika. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa methali imetimia kwa namna ambayo wahenga hawakuiwazia: mwenyeji asiyejaliwa mgeni hakupona.

Mtu wa sheria ataitetea kanuni hiyo, atasema kwamba huwezi kulinganisha mtu na kivuli. Maneno yake yana nguvu. Lakini mwenye kutafuta haki atauliza swali jingine: kama Serikali yenyewe imetangaza kwamba kazi ya cheo hiki yastahili walau rupia 17,140 kwa mtu asiyeijua bado, yawezekanaje istahili 15,270 kwa mtu aliyekwisha kuijua?

JEDWALI LA MWAKA 2016

Tume ya Saba, chini ya Jaji Ashok Kumar Mathur, ilitoa taarifa yake mwezi wa Novemba 2015, na mishahara mipya ikahesabiwa tangu 1 Januari 2016. Tume hiyo iliondoa mikanda na fedha za daraja, ikaweka jedwali moja. Kila ngazi ina safu yake ya vyumba kutoka juu kwenda chini, na kila mwaka mtumishi hushuka chumba kimoja, yaani hupata nyongeza. Ngazi ya 6 huanzia rupia 35,400. Ngazi ya 7, ambayo ndiyo lile daraja la zamani la 4,600, huanzia 44,900.

Mtu akipandishwa, hupewa nyongeza moja katika ngazi yake ya zamani, kisha huingizwa katika ngazi mpya kwenye chumba chenye fedha sawa na hizo, au kama hakipo, chumba kinachofuata kwa ukubwa. Kwa kuwa chumba cha kwanza cha ngazi ya 7 ni 44,900, hakuna awezaye kuwekwa chini yake, awe ameingia kwa mtihani au kwa kupandishwa. Ule ugomvi wa mshahara wa kuanzia ukakatwa shina kwa mstari mmoja wa hesabu.

Tungependa kusema kwamba habari yetu yaishia hapa kwa furaha. Lakini tutazame tena jedwali. Mtumishi wa ngazi ya 6 aliye katika chumba cha kwanza, 35,400, akipandishwa hupata nyongeza kufikia 36,500, kisha huingia ngazi ya 7 kwa 44,900. Mwenzake aliye katika chumba cha saba, 42,300, hupata nyongeza kufikia 43,600, naye pia huingia kwa 44,900. Hata yule wa chumba cha nane, mwenye 43,600, akipandishwa huingia pale pale. Vyumba vinane vyamwagikia chumba kimoja. Mwenye miaka mingi katika ngazi ya 6 na mwenye miaka michache waanza pamoja, tena pamoja na kijana aliyeingia jana kwa mtihani. Wa kwanza alilalamika zamani kwamba alilipwa pungufu kuliko mdogo wake. Sasa aweza kulalamika kwamba miaka yake haihesabiwi.

Twaona basi kwamba katika jambo hili kuna madai mawili ya haki, wala si moja. La kwanza ni dai la kazi: kazi moja iwe na kima chake, ambacho hakuna aifanyaye atakayelipwa chini yake. La pili ni dai la miaka: aliyetumika zaidi aonekane kwamba ametumika. Kanuni za mwaka 2006 zililivunja dai la kwanza. Jedwali la mwaka 2016 limelitimiza, lakini limelibana la pili. Kati ya hayo mawili, twaona kwamba la kwanza lina uzito zaidi, maana kulivunja ni kumwambia mtu kwamba jasho lake lina thamani ndogo kwa sababu ya mlango alioingilia. La pili lapasa litafutiwe nafasi baada ya la kwanza kutimizwa. Mwezi wa Januari 2025 Serikali ya India ilitangaza kwamba itaunda Tume ya Nane. Hilo laweza kuwa mojawapo ya mafundo yatakayowangoja wajumbe wake.

MAFUNZO KWETU

Tukusanye basi machache yatufaayo sisi na watoto wetu walio kazini, au watakaoingia kazini.

Kwanza, tunaposikia malalamiko ya mishahara, tuulize: tofauti iko katika kazi, au iko katika mlango? Mwenye mzigo mkubwa zaidi, au elimu ambayo kazi yaihitaji kweli, aweza kuzidi pasipo dhuluma. Mwenye kazi ile ile asipunguziwe kwa sababu tu alianzia chini. Kipimo hiki chafaa ofisi ya Serikali, na chafaa pia shule, hospitali, kiwanda na duka la mtu binafsi.

Pili, dhuluma yaweza kuingia bila mtu mbaya kuifungulia. Walioandika kanuni za mwaka 2006 walitaka kumtendea vema mwajiriwa mpya, wakamsahau aliyepandishwa. Kwa hiyo kila mwenye dhamana ya kupanga mishahara, kabla hajatia sahihi yake, achukue karatasi, aandike watu wawili wa milango miwili, awahesabie mwaka wa kwanza, wa tano na wa kumi. Kazi hiyo ni ya saa moja, nayo yaweza kuokoa miaka kumi na mitatu ya kesi.

Tatu, yule kijana aliyelipwa zaidi hakuiba kitu. Kanuni hakuiandika yeye. Mzee wa ofisi asimnyime mafundisho ya kazi kwa kinyongo, wala kijana asimdharau mzee kwa sababu ya karatasi ya mshahara. Katika ofisi nyingi ugomvi wa namna hii umegeuza watu wa kazi moja kuwa kambi mbili, na kila kambi ina chama chake na wakili wake. Wananchi wanaokuja dirishani na shida zao ndio hulipa gharama ya ugomvi huo. Lililo bora ni wote wawili waende pamoja kwa mkubwa wao, maana kijana wa leo ndiye atakayekuwa mzee wa kesho, na kanuni itakayokuja huenda ikamwangukia yeye.

Nne, wenye kazi watunze barua zao: ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa, ya kupandishwa cheo, na kila karatasi ionyeshayo mshahara na tarehe yake. Katika kesi za ukubwa kazini tulizozitaja, tarehe ilikuwa jambo kubwa. Mama wa nyumba atafute mfuko mmoja wa kuziwekea, mahali ambapo mvua na mchwa hawafiki.